Kompyuta Huhesabu Vipi Tarehe ya Chanjo ya Mwanao?

Kwa mzazi wa Ramisi, tarehe ya kliniki ikikosewa, nauli ya bodaboda imepotea na mtoto anakaa bila kinga. Pale kituo cha afya kinapotumia programu ya kupanga miadi, kompyuta ndiyo inayohesabu siku ya kurudi. Ni vyema mzazi ajue inavyohesabu.

Wiki huhesabiwa kwa siku. Chanjo za wiki 6, 10 na 14 huangukia siku ya 42, 70 na 98 tangu kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa Alhamisi, 29 Januari 2026, hupangiwa 12 Machi, 9 Aprili na 7 Mei. Zote ni Alhamisi, kwa kuwa wiki kamili hurudi siku ile ile. Programu ikiamriwa kuongeza mwezi 1 badala ya siku 28, baada ya 12 Machi itatoa 12 Aprili: imechelewa siku 3, tena ni Jumapili. Mtoto akichelewa kuchanjwa, siku 28 huhesabiwa upya kuanzia siku aliyochanjwa.

Miezi hailingani. Chanjo ya kwanza ya surua na rubela hutolewa mtoto akitimiza miezi 9. Aliyezaliwa 31 Mei 2026 angetimiza 31 Februari 2027, tarehe ambayo haipo. Baadhi ya programu hurudi nyuma hadi 28 Februari, nyingine husonga hadi 3 Machi. Kwa kuwa 28 Februari 2027 ni Jumapili, programu iliyopangwa vizuri husogeza miadi mbele hadi siku ya kazi, Jumatatu 1 Machi.

Usiku una tarehe yake. Huku kwetu Pwani, mtoto aliyezaliwa Jumatano baada ya magharibi huambiwa kazaliwa usiku wa Alhamisi. Kompyuta hubadilisha tarehe saa sita usiku. Unapoandikisha mtoto, taja tarehe na saa, ili hesabu zote zinazofuata zisianze na kosa.

Unachoweza kufanya. Linganisha ujumbe wa simu na kijitabu cha kliniki. Kwa chanjo za wiki, angalia kama siku ni ile aliyozaliwa mtoto. Tarehe zikitofautiana, muulize muuguzi kabla hujaondoka. Na tarehe ikiwa imepita, usikae nyumbani: mpeleke mtoto kituoni, ratiba itapangwa upya.