Kila Kamba na Kazi Yake Chomboni



Mweka hazina wa kikundi kimoja cha wavuvi alikuja Marikiti, Mombasa, na pesa za kikundi kununua kamba za ngalawa. Akazunguka maduka, akaona kamba ya buluu inayong'aa, bei yake ndogo kuliko zote. Akanunua hiyo hiyo kwa kazi zote. Mkutanoni tulimpigia makofi kwa kubana matumizi. Mwaka haujaisha, henza ikakatika chombo kiko nje ya mwamba, foromali ikaanguka na kumvunja kijana mmoja bega. Michango ya matibabu ilipita bei ya kamba nzuri. Na mimi nilikuwa kati ya waliopiga makofi, kwa hiyo makala haya ni deni langu.

Kosa halikuwa la mweka hazina peke yake. Sote tulisahau kwamba kila kamba chomboni ina kazi yake.

Kazi tatu

Henza hupandisha foromali na tanga. Inabeba uzito muda wote wa safari na kusuguliwa kwenye kapi mahali pamoja. Inataka kamba isiyorefuka na inayostahimili jua.

Demani huongoza tanga, nayo hushikwa mkononi. Iwe laini na nene ya kutosha, kwani kamba nyembamba hukata viganja.

Amari ya nanga hupata mshtuko kila wimbi linapoinua chombo. Hii inataka kamba inayonyumbuka.

Aina za kamba

1. Makumbi. Wazee wetu walishona mitepe kwa kamba za makumbi ya nazi, bila misumari. Inavumilia maji ya chumvi na inanyumbuka, lakini nguvu yake ni ndogo, hivyo lazima iwe nene.

2. Katani. Hutoka mashamba kama yale ya Vipingo. Inashika fundo vizuri. Ubaya wake ni kwamba ikikaa na unyevu huoza ndani, huku nje ikionekana nzima.

3. Polipropilini. Ndiyo ile ya buluu, ingawa iko ya rangi nyingi. Ni nyepesi, inaelea, bei nafuu. Inafaa kwa maboya ya nyavu. Lakini jua huila, na fundo lake huteleza. Msiifanye henza.

4. Nailoni. Ina nguvu na inanyumbuka sana. Ni nzuri kwa nanga. Kwa henza haifai: upepo ukizidi, kamba inarefuka na tanga linashuka.

5. Poliesta. Hairefuki sana na inastahimili jua. Ndiyo bora kwa henza na demani, ila bei yake iko juu.

Mtajuaje dukani?

Rangi isiwadanganye. Muombeni mwenye duka kipande kidogo na ndoo ya maji. Kaminyeni kipande ndani ya maji mpaka hewa itoke, kisha kiachieni. Kikielea, yaelekea ni polipropilini. Kikizama, yaweza kuwa nailoni au poliesta. Hapo chomoeni uzi mmoja mwembamba kutoka kila kamba, mvute kwa mikono mkilinganisha. Wa nailoni hurefuka zaidi.

Kabla ya kuondoka kijijini, pimeni kamba kuukuu kwa pima, mwongeze pima mbili za akiba. Chukueni kipande chake na kapi yenyewe. Kamba mpya ipite kwenye kapi bila kubanwa.

Hesabu ya kikundi

Tuchukue mfano tu, si bei ya sokoni. Kamba ya shilingi 600 inadumu mwaka 1. Nyingine ya shilingi 1,500 inadumu miaka 4. Kwa miaka hiyo 4, ile "rahisi" itawagharimu shilingi 2,400, mbali na hatari ya kukatika baharini. Ndiyo maana watu husema rahisi ghali.

Pesa zisipotosha, anzeni na henza, kisha amari ya nanga. Demani ifuate mkivuna tena.

Kuitunza

Fundo hupunguza nguvu ya kamba karibu nusu. Penye kiungo cha kudumu, mwiteni fundi asokote nyuzi za ncha moja ndani ya nyingine. Ncha za nailoni, poliesta na polipropilini ziyeyusheni kwa moto kidogo zisifumuke. Za katani na makumbi zifungeni kwa uzi.

Mkirudi pwani, suuzeni kamba kwa maji ya kisima, mzianike kivulini. Kila kaskazi ikiisha, kabla kusi haijaanza, fumueni kidogo nyuzi za kamba mtazame ndani. Mkiona unga, weusi au nyuzi zilizokatika, hiyo haifai tena kubeba foromali, ikafunge mbuzi. Ikiwa bado nzima, igeuzeni: ncha ya juu ije chini, ili pale palipokuwa pakisuguliwa pasibaki pale pale.

Kitabu cha Mhubiri kinaisifu kamba ya nyuzi tatu. Lakini hata ya nyuzi tatu yahitaji mtu wa kuiangalia. Chagueni mmoja wenu awe mkaguzi wa kamba, na taarifa yake isomwe mkutanoni kama ile ya mweka hazina.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Kamba ya henza yetu ni ya aina gani, na ilinunuliwa lini?
2. Nani mara ya mwisho alitazama ndani ya nyuzi zake?
3. Tuweke shilingi ngapi kila mwezi ili tusinunue kamba kwa haraka?