Alama za Usaha katika Jino, Wakati Unangoja Kutengenezewa

Mama, muganga wa meno alikuambia kwamba jino lako linaweza kuokolewa. Atalifungua juu, atatoa kile kilichooza ndani, atasafisha njia ya muzizi mpaka kwenye ncha, kisha ataliziba. Watu wengi wanaita kazi hiyo «kuua mushipa». Lakini inaomba franga, na pengine safari mpaka Bukavu, Goma ao Bunia, kwa maana katika vijiji vyetu muganga wa meno ni wa kutafuta sana. Basi unangoja juma mbili, mwezi, pengine zaidi. Maneno haya ni kwa siku hizo za kungoja.

Jino si jiwe. Katikati yake kuna nyama laini, na mishipa midogo ya damu na ya maumivu inayoingia kwa ncha ya muzizi. Tundu likifika pale, mikrobe zinaingia na nyama ile inataka kuvimba. Itavimbia wapi? Kuta za jino ni ngumu. Ndiyo sababu maumivu yanapiga sawa moyo, na usiku ukilala yanazidi. Ukinywa chai ya moto, jino linaamuka na halinyamazi upesi.

Halafu siku moja linanyamaza. Hapa wamama wengi wanadanganyika. Nyama ya ndani imekufa, na mushipa wa maumivu umekufa pamoja nayo, kwa hiyo jino haliwezi kulia tena. Lakini mikrobe haziachi kazi yao. Zinateremuka kwa ncha ya muzizi, zinaingia katika mufupa wa taya, na usaha unaanza kukusanyika pale. Mama anafurahi, na franga za safari zinanunua shati ya shule ao mbegu ya maharagi. Wanafunzi wetu wauguzi tunawaambia: mugonjwa akisema «jino limepona lenyewe», usimuache aende mbele ya kuangalia kinywa chake. Tundu la jino halijifungi lenyewe hata siku moja. Maumivu yakiisha, shika siku yako ya kwenda kwa muganga vilevile.

Sasa namna gani utajua kama usaha uko? Ukiuma chakula, jino lile linauma, tena linaonekana kama limekuwa refu kupita mengine. Linaweza kuanza kutikisika kidogo. Nyama inayoshika meno inakuwa nyekundu na kuvimba. Pengine kunatoka kipele kidogo juu ya nyama hiyo, kinapasuka, unasikia maji ya chumvi-chumvi na harufu mbaya katika kinywa, kisha unapata raha. Raha hiyo ni kwa sababu usaha umepata mulango wa kutokea. Chanzo chake kingali ndani. Gusa pia chini ya taya: ukisikia uvimbe mudogo wenye kuuma, mwili unapigana. Ukiona moja ya alama hizi, fika kituo cha afya siku hiyo ao kesho yake, usingoje siku ya muganga wa meno.

Lakini kuna alama zingine, na hizo hazingoji asubui. Shavu limevimba na uvimbe unapanda mpaka jicho linafungika. Ao unashuka chini ya taya na kuingia shingo, na pale pamekuwa pagumu sawa ubao. Ulimi unasukumwa juu. Mate yanatoka kwa sababu kuyameza kunauma. Sauti imebadilika, sawa ya mutu mwenye chakula cha moto kinywani. Pumzi ni nzito, ao mugonjwa anakataa kulala chali. Homa na kutetemeka. Ugonjwa huu wa shingo muganga mumoja wa Udachi, jina lake Ludwig, aliueleza mwaka 1836, na mpaka leo unaua, kwa sababu uvimbe unaziba njia ya pumzi. Mara nyingi unatoka kwa magego ya chini. Jipime: mutu muzima anaweza kuingiza vidole vyake vitatu, kimoja juu ya kingine, katikati ya meno ya mbele. Kama hata viwili havipiti, nenda hospitali usiku uleule, hata kwa pikipiki ya jirani. Mugonjwa akae wima njiani, hapana kumulaza.

Mutoto naye: shavu likivimba na homa iko, mulete siku ileile, hata kama ni jino la maziwa. Mwenye mimba na mwenye ugonjwa wa sukari, wao pia wasichelewe.

Nyumbani, sukutua kinywa kwa maji ya vuguvugu na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi katika glasi moja, mara nyingi kwa siku, na uteme. Endelea kupiga meno mswaki, hata jino lile. Tafunia upande mwingine. Ulale na kichwa juu kidogo. Kwa maumivu, mutu muzima anaweza kumeza paracetamol ya miligramu 500, kidonge 1 ao 2, na kungoja saa 6 mbele ya kurudilia. Hapana kupita vidonge 8 kwa siku. Kwa mutoto, uliza muuguzi, atapima uzito wake. Aspirini usiweke juu ya nyama ya jino, inaichoma. Usitoboe uvimbe kwa sindano ao wembe, wala kuweka maji ya betri katika tundu. Nyama itaungua na mufupa unaweza kuharibika.

Na zile kapsuli za sokoni, mbili ao tatu bila karatasi ya muganga? Dawa inatembea ndani ya damu, na ndani ya jino lililokufa damu haiingii. Ni sawa na mwiba katika muguu: umeza dawa vile unataka, mwiba ungali pale. Muuguzi anatoa antibiotiki wakati uvimbe na homa vinaenea, kusudi kuzuia hatari, na unazimeza sawasawa na alivyoandika. Tetrasikilini isipewe mwenye mimba wala mutoto mudogo; inachafua rangi ya meno yanayoota.

Kama franga za kuokoa jino hazipatikani, usikae na usaha kwa kuona haya. Kungoa jino ni matunzo ya kweli, na hospitali nyingi zinaweza kufanya. Mwenye mimba anaweza pia kutengenezewa ao kungolewa. Miezi ya katikati ndiyo mizuri zaidi, lakini usaha ukiwa uko, hatungoji mwezi.

Ukija, lete karatasi yako ya kliniki na vidonge vyote ulivyomeza, hata vya soko, na utuambie uvimbe ulianza siku gani.