Mafua Yakishuka Kifuani: Utangulizi

Akina mama wa Mbagala, Dar es Salaam, hawahitaji profesa awaambie kwamba mafua na pumu ni ndugu. Wanajua kuwa mtoto akianza makamasi leo, kesho kutwa usiku kifua kitapiga filimbi. Wanachouliza kliniki ni kigumu zaidi: mafua ndiyo yaliyompa mwanangu pumu, au pumu ilikuwamo, mafua yakaiamsha tu? Swali hilo ndilo linaloibeba fani ya uhusiano wa mafua na pumu. Karibu, uwe nesi, mwanafunzi wa tiba au mzazi.

Kwamba mafua huamsha pumu, ubishi umekwisha. Mwaka 1995 Sebastian Johnston na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto wa miaka 9 hadi 11 huko Southampton, Uingereza. Katika kila vipindi kumi vya kubanwa, takriban vinane vilikutwa na virusi, na vilivyoongoza ni rinovirusi, hivi hivi vya mafua ya kawaida. Virusi vikivamia utando wa njia za hewa, utando huvimba, makohozi hujaa na misuli hukaza. Mirija ya mtoto ni myembamba tangu mwanzo, kwa hiyo hata uvimbe mdogo humnyima pumzi.

Kwamba mafua huzaa pumu, hapo ndipo wataalamu wanapovutana. Utafiti ulioanza Madison, Marekani, mwaka 1998 uliwafuata tangu kuzaliwa watoto ambao wazazi wao wana pumu au mzio. Waliopiga filimbi kwa rinovirusi kabla ya kutimiza miaka 3 walikuwa na uwezekano wa karibu mara 10 wa kuwa na pumu walipofika miaka 6. Ukiishia hapo utavilaumu virusi moja kwa moja. Lakini huko Uholanzi, watoto waliozaliwa kabla ya wakati walichomwa kingamwili za kuwakinga na RSV, kirusi kingine kinachotesa vifua vya wachanga. Filimbi zilipungua mwaka wa kwanza. Walipofika miaka 6, mapafu yao yalifanya kazi sawa na ya wenzao wasiopata kingamwili hizo. Mimi nasimama na wanaosema kwamba, walau kwa RSV, kirusi mara nyingi hufichua kifua kilichokuwa dhaifu tayari. Juu ya rinovirusi bado nasubiri ushahidi.

Na si kila filimbi ni pumu. Utafiti wa Tucson, Marekani, ulioanza 1980, ulionyesha kuwa wengi waliopiga filimbi kabla ya miaka 3 walikuwa wameacha walipofika 6.

Turudi nyumbani. Valérie D'Acremont, Mary Kilowoko na wenzao walichunguza watoto 1,005 wenye homa, Dar es Salaam na Ifakara, na kuchapisha matokeo mwaka 2014: saba katika kila kumi walikuwa na ugonjwa wa virusi. Kampala nako, uchunguzi wa Hospitali ya Mulago uliochapishwa 2013 ulikuta watoto wengi wa chini ya miaka 5 wenye pumu wakitibiwa kama wana nimonia. Mbagala, ambako familia nzima hulala chumba kimoja, jiko la mkaa huwashwa kibarazani na madarasa yamefurika, virusi havikosi njia. Amoksilini haiviui, ingawa ndiyo inayonunuliwa kwanza duka la dawa.

Kinachosaidia pumu inapobana ni dawa ya kuvuta kwa pampu, na woga kwamba pampu humzoesha mtoto hauna msingi. Kama hakuna chombo cha kuunganisha pampu na mdomo wa mtoto (spacer), Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kuwa chupa ya plastiki ya mililita 500, ikitobolewa kitako na kuzibwa vizuri kuizunguka pampu, hufanya kazi hiyo hiyo.

Usisubiri kumaliza kitabu ndipo uchukue hatua. Mtoto akishindwa kunyonya au kuongea kwa kubanwa, au mbavu zikiingia ndani anapovuta pumzi, mpeleke hospitali ya Rangi Tatu au ya Temeke usiku huo huo.