Dhoruba ya Radi: Inatambuliwaje, na Ukali Wake Unapimwaje

Dhoruba ya radi ni hali ya hewa ambapo wingu linatoa mwako wa umeme na mlio wa ngurumo. Shirika la Hali ya Hewa Duniani linaitambua kwa mambo hayo mawili tu. Mvua si sharti. Katika kituo cha hali ya hewa, siku huandikwa kuwa ya radi pindi ngurumo inaposikika, hata kama halikudondoka tone. Umeme unaomulika kwa mbali kimya kimya hautoshi.

Wingu lenyewe huitwa kumulonimbasi. Hewa yenye joto na unyevu hupanda kwa kasi hadi penye baridi kali, ambako chembe za barafu hugongana na kutenganisha chaji za umeme. Chaji zikizidi, cheche hupita na kuipasha hewa joto la nyuzi zipatazo 30,000 za Selsiasi. Hewa hiyo hutanuka ghafla, na mpasuko wake ndio ngurumo. Mwanga hufika papo hapo, lakini sauti huhitaji sekunde 3 hivi kwa kila kilometa. Mtu wa Katoyi, mjini Goma, akihesabu 9 kati ya mwako na mlio, ajue radi imepiga kama kilometa 3 kutoka alipo.

Kwa umbo, dhoruba hizi zina aina kuu nne. Ya kwanza ni ya wingu moja, ambayo kwa kawaida huisha ndani ya saa moja. Ya pili ni kundi la mawingu: moja likifa, jingine linazaliwa pembeni yake. Ya tatu ni mawingu yaliyojipanga mstari mrefu na kutanguliwa na upepo mkali. Ya nne ni wingu kubwa linalojizungusha, linaloweza kudumu saa nyingi. Aina hii ni adimu karibu na ikweta.

Kwa ukali, vipimo viko vya namna mbili. Namba za kimataifa zinazotumiwa vituoni hutenga dhoruba nyepesi au ya wastani na ile kali, kisha hutaja kama mvua ya mawe imeanguka au la. Marekani ina mpaka wake: dhoruba ni kali ikiwa na upepo wa kilometa 93 kwa saa au zaidi, kimbunga cha aina ya tornado kinachogusa ardhi, au mawe ya barafu yenye upana wa sentimeta 2.5. Kabla ya 2010 kipimo hicho cha mawe kilikuwa sentimeta 1.9. Barafu ya ukubwa wa harage itapiga mabati ya Katoyi hadi watu wa chumba kimoja wasisikizane, na bado haijafikia mpaka huo. Inayokaribia upana wa kifuniko cha chupa ya soda ndiyo inayohesabiwa.

Wingi wa radi haumo katika kipimo cha Marekani, wala wingi wa maji. Kwa Kivu, mashariki mwa Kongo, jambo hili ni zito. Utafiti wa data za setilaiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba Kabare, Kivu Kusini, hupata miako kama 205 kwa kila kilometa ya mraba kwa mwaka. Katika dunia nzima, Ziwa Maracaibo la Venezuela pekee ndilo lililoizidi, kwa miako kama 233. Hewa yenye unyevu kutoka bonde la Kongo, milima mirefu na Ziwa Kivu husaidiana kuyainua mawingu. Radi na maji huua katika ukanda huu: mwezi Juni 2011, radi iliua wanafunzi 18 katika shule ya Runyanya, nchi jirani ya Uganda. Mei 2023, mvua kubwa iliua watu zaidi ya 400 huko Kalehe, kando ya Ziwa Kivu.

Kwa hiyo dhoruba inayoitwa ya kawaida inaweza kuua sawa na ile kali. Nyumba ya mbao iliyoezekwa kwa mabati, kama zilivyo nyingi mjini Goma, huzuia mvua lakini haitoi kinga ya kutegemewa dhidi ya radi. Palipo salama zaidi ni ndani ya jengo imara lenye nyaya za umeme na mabomba ya maji, bila kuyagusa, au ndani ya gari la bati lililofungwa. Ngurumo ya kwanza ndiyo ishara ya kuondoka kiwanjani, ziwani au chini ya mti. Na hapo pa salama mtu akae hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.