Komini Yako: Nani Anaitia Pointi?

Mwisho wa mwaka wa masomo mutoto wako analeta buletini. Hauangalie paka nafasi yake katika kalasi. Unamuuliza: "Mwaka uliopita ulipata ngapi kwa hesabu? Na sasa?" Basi nakuuliza: buletini ya komini yako, ulikwisha kuiona?

Kwetu watu wa inchi ya madini, jambo hili si dogo. Sheria ya madini iliyogeuzwa tarehe 9 mwezi wa 3, 2018, inagawanya malipo ambayo sosiete zinalipa juu ya madini. Katika franka 100, 50 zinaenda kwa Serikali kubwa, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta ao sheferi ambamo mugodi uko, na 10 zinawekwa kwa vizazi vinavyokuja. Zile 15 si zawadi ya burugumestri. Ni mifereji, ni maji, ni masomo ya watoto wetu. Na tarehe 20 mwezi wa 12, 2023, kura ya washauri wa komini ilipigwa hapa Lubumbashi. Tuliwachagua, sasa inafaa tuwapime.

Namna gani? Tuangalie majirani. Katika Uganda, kuanzia miaka ya 2000, serikali ilikuwa inapima mabaraza kila mwaka. Je, liko na mpango wa maendeleo? Hesabu zinaandikwa? Kuna mutu wa kuzichunguza? Baraza lililofanya vizuri liliongezewa feza, 20 kwa 100. Lililoshindwa lilipunguziwa 20 kwa 100. Tena, tangu 2009, shirika moja la raia, jina lake ACODE, linawatia pointi hata washauri wenyewe: wanasema nini katika baraza, wanakutana na waliowachagua, wanaenda kuangalia masomo na hospitali?

Tanzania nayo, mukaguzi mukubwa wa hesabu anatoa hati kila mwaka. Baraza linaweza kupata "hati safi", ao hati yenye shaka. Ni vizuri sana. Lakini tuangalie: hati safi inasema hesabu zimeandikwa sawasawa. Haisemi kama choo cha soko kinafanya kazi. Karatasi inaweza kuwa safi, na mufereji ukabaki muchafu.

Na kuna hatari ingine. Ukipunguzia baraza baya feza, nani anateseka? Si mukubwa, ni mama anayechota maji mbali. Ndiyo sababu kupima kuzuri kunauliza mambo mawili: limefika wapi, na limetoka wapi. Komini ya Lubumbashi iko na katikati ya muji na magazini yake. Katuba haina vile. Ukizipima kwa kipimo kimoja, unaonea moja.

Bwana Yesu alitufundisha hivi katika Matayo 25. Mutumishi mumoja alipewa talanta tano, mwingine mbili. Yule wa mbili alileta mbili zingine, na bwana wake alimusifu sawasawa na yule wa tano. Aliyehukumiwa ni yule aliyezika yake katika udongo. Bwana hakuuliza nani ana nyingi. Aliuliza: ile niliyokupa, umeifanya nini?

Sasa wewe ufanye nini? Musiende na kelele. Muende watu wawili ao watatu wa kartie, wababa na wamama, kwa heshima, mpaka kwa mushauri wenu. Mumuulize: Mwaka huu komini ilipokea feza ngapi, na ngapi kutoka kwa madini? Baraza lilikubali kazi gani? Ipi imeisha, ipi imesimama, na juu ya nini? Muandike majibu katika kaye, pamoja na tarehe. Kisha muende kuona kwa macho yenu ule mufereji, lile soko. Mwaka unaofuata murudi na kaye ile ile, na maulizo yale yale.

Mushauri mwema hatakasirika. Maulizo yenu yatamupa nguvu mbele ya burugumestri. Mubaya atakasirika, na hiyo nayo muiandike. Tunaombea wakubwa wetu kila Siku ya Mungu, na tusiache. Lakini kuomba bila kuuliza hesabu ni kuwaachia wazike talanta ya watoto wetu.