Laini ya Simu ni ya Nani? Wazee na Ujumbe wa Uthibitisho katika Akaunti za Serikali

Mzee anayeishi Kampala leo ana mlango wake katika mitandao ya serikali, apende asipende. Mwenye nyumba za kupangisha huko Makindye ana namba ya mlipakodi katika mfumo wa Mamlaka ya Mapato, URA. Aliyefanya kazi ya mshahara kwa miaka mingi ana akiba yake NSSF. Mwenye duka au jengo ndani ya jiji amesajiliwa katika eCitie, mfumo wa malipo wa KCCA. Nyuma ya milango hiyo kuna mali ya maisha yake yote, na wengi wa wazee hao hawakuifungua kwa mikono yao wenyewe. Walifunguliwa.

Mlango wa namna hii aghalabu una kufuli mbili. Ya kwanza ni nywila, neno la siri ambalo mwenye akaunti alilichagua. Ya pili ni msimbo, yaani tarakimu chache zinazoletwa kwa ujumbe mfupi wa simu kila mtu anapotaka kuingia, kubadilisha nywila, au kuhamisha malipo kwenda akaunti nyingine ya benki. Msimbo huo hudumu dakika chache tu, kisha hufa.

Wazee wetu wameizoea namba ya siri ya pesa za simu tangu huduma hiyo ilipoanza nchini mwaka 2009, na wengi wanajua kuificha. Msimbo wa ujumbe mfupi hawauchukulii kwa uzito uleule. Mtu husema, "Hii si namba yangu ya siri, wamenitumia wenyewe," akaisoma kwa sauti kwa yeyote anayeiuliza. Hapo ndipo linapozaliwa tatizo. Namba ya siri ni ufunguo unaokaa nao siku zote. Msimbo unafanana zaidi na alama ya dole gumba unayoigandamiza juu ya waraka mbele ya karani. Anayeusoma kwa mwingine ametia sahihi waraka ambao hajauona, na ambao umeandikwa na mtu asiyemjua.

Lakini kuna jambo lililo nyuma ya hilo, nalo halizungumzwi vya kutosha. Mfumo wa serikali haumjui mzee. Haumwoni uso, hausikii sauti yake. Unachokijua ni namba ya simu iliyoandikwa siku akaunti ilipofunguliwa, na msimbo utakwenda kwenye namba hiyo, iwe mfukoni mwa mwenye mali au mfukoni mwa mwingine. Kwa hiyo kabla ya kumfundisha mzee kuficha msimbo, tumuulize kwanza: msimbo wako unakwenda kwa nani?

Majibu yake mara nyingi ni ya kutia wasiwasi. Kuanzia Wandegeya hadi Nakawa kuna vibanda vya kuchapa na kutoa nakala ambavyo kazi yake nyingine ni kuwaombea watu namba ya mlipakodi na kuwajazia fomu za mtandaoni. Kazi hiyo ni halali na inawasaidia wengi, wala hatuilaani. Lakini mzee asiye na barua pepe huandikiwa ya kibanda, na aliyesahau simu nyumbani huandikiwa namba ya kijana anayejaza fomu, ili kazi iishe haraka. Mzee huondoka na karatasi yake mkononi akiwa na furaha. Miaka mitatu baadaye kibanda kimehama, kijana hajulikani aliko, na kila msimbo wa akaunti ile bado unakwenda kwake.

Njia ya pili inapita ndani ya nyumba. Mwaka 2017, laini zote nchini zilipotakiwa kuhakikiwa kwa namba ya kitambulisho cha taifa, wako wazee ambao hawakuwa na kitambulisho, au kilikuwa na kosa la jina au la mwaka wa kuzaliwa. Mtoto au mjukuu akajitolea kuandika laini ya mzee kwa jina lake mwenyewe. Lilikuwa tendo la upendo. Lakini mbele ya kampuni ya simu na mbele ya sheria, mwenye laini ni yule ambaye jina lake limeandikwa. Akitaka kuifunga, ataifunga. Akitaka kadi mpya ya namba ileile, atapewa yeye, wala si mzee anayeitumia. Akifariki dunia au akienda kufanya kazi Dubai, mzee hawezi hata kuirejesha laini iliyopotea katika Bustani ya Teksi ya Zamani.

Njia ya tatu ni ya mitaani, chini ya miavuli ya wauzaji wa laini. Vidole vya mtu aliyeshika jembe au kufua nguo kwa miaka 50 husuguliwa hadi mistari yake kufifia, na mashine hushindwa kuvisoma. Muuzaji asiye mwaminifu anaupenda udhaifu huo. Humwambia mzee, "Jajja, haikushika, weka tena," naye huweka tena na tena, huku kila alama inayokubaliwa ikisajili laini nyingine kwa jina lake. Laini hizo huuzwa kwa wale ambao watu wa Kampala huwaita bafere, na uhalifu unaofanywa nazo humrudia mwenye jina. Mzee aende kusajili laini katika duka rasmi la kampuni ya simu, na kila kidole kinaporudiwa aulize kwa nini. Akienda huko, aulize pia ni laini ngapi zilizoandikwa kwa namba yake ya kitambulisho, na aagize zile asizozijua zifungwe.

Pia ipo namba iliyoachwa. Mtu hubadilisha laini kwa sababu ya ofa ya maongezi, akasahau kwamba ile ya zamani ndiyo iliyoandikwa NSSF. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake huweza kuuzwa upya kwa mgeni kabisa.

Sasa tuje kwa anayepiga simu. Yeye hahitaji kompyuta wala elimu kubwa. Anahitaji sauti ya heshima na habari kidogo juu ya mzee, na habari hizo hazimpi shida. Namba ya kitambulisho chetu cha taifa ina herufi na tarakimu 14: huanza na CM kwa mwanamume au CF kwa mwanamke, na tarakimu mbili zinazofuata ni za mwaka wa kuzaliwa. Anayeokota nakala ya kitambulisho kwenye pipa la kibanda cha fotokopi, akaona CF48, amekwisha kujua kwamba huyu ni mama aliyezaliwa mwaka 1948. Jina analo, picha anayo. Kilichobaki ni namba ya simu, na hiyo huenda imeandikwa kwa kalamu pembeni mwa nakala ileile.

Uongo anaoutumia hujengwa juu ya ukweli unaojulikana na wote. Vitambulisho vilivyotolewa kuanzia mwaka 2014 viliandikwa muda wa miaka 10, na mwaka 2025 NIRA ilianza zoezi la kuvihuisha. Basi akisema, "Napiga kutoka NIRA, kitambulisho chako kimekwisha, nitakutumia namba unisomee nikuhuishie," mzee hana sababu ya kushtuka. Wakati maneno hayo yanasemwa, mpigaji tayari ameandika jina la mzee katika ukurasa wa kuingilia na kubonyeza mahali pasemapo "nimesahau nywila". Ujumbe unaoingia ni wa kweli, umetoka kwenye ofisi ya kweli, na ndiyo maana unaaminika. Anayedanganya ni yule aliye sikioni.

Tungependa mzee akumbuke mpangilio wa mambo: ukiomba wewe, msimbo utakuja, ukija bila wewe kuuomba, kuna mtu mlangoni. Katika hali ya pili hakuna la kujadiliana na mpigaji. Kata simu, hata kama ni utovu wa adabu. Tunalisema hili tukijua kwamba kizazi cha wazee wetu kililelewa kutomkatizia mtu maneno, na tabia hiyo njema ndiyo mtego wenyewe. Mpigaji huendelea kuzungumza kwa makusudi, "usikate, Jajja, usikate," ili muda wa msimbo usiishe kabla hajausikia.

Wengine hujitambulisha kuwa ni sisi. Kwa wazee wengi wa jiji hili Kiswahili kilisikika kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, kikiwa lugha ya amri, na mpigaji anayeanza kwa Kiswahili kikali akidai anatoka Kibuli hupata utii wa haraka. Polisi hatuna haja na msimbo wa mtu yeyote, katika uchunguzi wowote. URA, NSSF na KCCA pia hawana kazi ya kuuliza msimbo kwa simu, kwa sababu mfumo uliouzalisha ni wao.

Je, wazee waachane na mitandao hii? Marekani walikutana na swali linalokaribiana na hili. Mwishoni mwa Julai 2016, idara ya hifadhi ya jamii ya nchi hiyo iliagiza kwamba kila anayetaka kuingia katika akaunti yake mtandaoni lazima apokee msimbo kwa simu ya mkononi. Wazee wasio na simu hizo, au wasiojua kusoma ujumbe mfupi, walijikuta nje ya mlango, wakalalamika hadi bungeni. Katikati ya Agosti sharti hilo liliondolewa, likabaki hiari, na mwaka uliofuata msimbo uliporudishwa, watu waliruhusiwa kuupokea kwa barua pepe badala ya simu. Tunaitaja habari hii kwa sababu hapa kwetu mzee akishindwa na simu huonekana mshamba. Hata huko ilionekana kwamba kufuli jipya linaweza kumfungia nje mwenye nyumba. Mzee asiyeweza kutumia msimbo ana haki ya kwenda kwenye meza ya ofisi na kuhudumiwa na mtu, na watoto wasimwonee aibu kwa kuchagua hivyo.

Kwa anayeutumia, kazi ya kwanza ni ya mchana mmoja. Aende na kitambulisho chake katika ofisi inayoshika akaunti yake, aombe kusomewa namba ya simu na barua pepe zilizoandikwa humo, na zisizo zake zibadilishwe akiwa amesimama hapo. Kama laini yake ni ya jina la mtoto, waende pamoja kwenye duka la kampuni ya simu iandikwe upya kwa jina la mzee. Simu ndogo ya vitufe, ile tunayoiita katochi, inatosha kabisa kwa kazi hii, na kwa maoni yetu ni salama kuliko simu kubwa iliyojaa programu ambazo mzee hakuzichagua.

Afunge pia kadi yenyewe kwa namba ya siri ya kadi, kwa msaada wa wahudumu wa duka. Wengi hudhani simu ikifungwa imefungwa yote. Mwizi huchomoa kadi, akaiweka katika simu yake, na misimbo ikaanza kuingia huko. Kwenye simu kubwa, ujumbe usionekane juu ya kioo kilichofungwa.

Kuhusu wasaidizi tuna neno kwa familia. Tunaona nyumba ambazo watoto, kwa kuogopa utapeli, wamemnyang'anya mzee simu na kumpa dada mmoja ashike kila kitu. Hilo linaondoa hatari moja na kuleta nyingine, maana anayeshika simu, nywila na kitambulisho cha mzee kwa pamoja ndiye sasa mwenye akiba. Ni afadhali vitu hivyo vigawanywe: mjukuu abonyeze kompyuta, mzee ashike simu na ausome msimbo mwenyewe, akijua ni wa shughuli gani. Kumsaidia mzee kwa idhini yake si kosa. Kuingia katika akaunti yake bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, na undugu hauondoi kosa hilo. Tunajua ugumu wa mama kumshtaki mwanawe, wala hatumlazimishi aanze na mashtaka. Anaweza kuja kuuliza kwanza.

Ikiwa msimbo umekwisha kusomwa kwa mgeni, dakika ni mali. Laini ikipoteza mtandao ghafla huku simu za jirani zinafanya kazi, huenda namba imehamishiwa kwenye kadi nyingine. Azima simu ya mtandao uleule, piga 100 kwa kampuni yako, MTN au Airtel, uagize laini izuiwe. Kisha piga benki, kisha ofisi inayoshika akaunti. Kama mpigaji alikubonyezesha alama za nyota na reli, bonyeza ##002# ili kuondoa uelekezaji wowote wa simu zako.

Halafu njoo kituo cha polisi kilicho karibu, siku hiyohiyo. Usifute ujumbe wowote, hata ule unaokuonea haya. Leta simu yenyewe, kitambulisho, taarifa ya benki au ya pesa za simu, na saa ya tukio kama unaikumbuka. Mzee anaweza kuja na mtu anayemwamini na kueleza kwa Kiganda au lugha nyingine anayoimudu. Kuandikisha malalamiko hakulipiwi. Kabla ya kuondoka omba namba ya rejea ya daftari la matukio, kwa kuwa benki na kampuni ya simu huenda zikaiulizia.