Tumekataa kuharakisha kifo; maumivu je?

Ijumaa ya tarehe 20 Juni 2025 wabunge wa Uingereza walipigia kura muswada wa mwenzao Kim Leadbeater. Muswada ulitaka mtu mzima mwenye maradhi yasiyopona, ambaye madaktari wamekadiria kuwa hatavuka miezi sita, aruhusiwe kupewa dawa ya kujimalizia maisha yake. Waliokubali walikuwa 314, waliokataa 291, na muswada ukapelekwa baraza la juu. Habari ilifika Unguja siku hiyo hiyo, kwa redio na kwa simu.

Itupe habari hiyo kwenye baraza ya Jaws Corner, Mji Mkongwe, baada ya alasiri, kahawa chungu ikizunguka, uone kama jibu litachelewa. Haramu. Anayejibu hivyo hajakosea, wala hahitaji kumwita sheikh amsaidie. Akishajibu, mazungumzo yanarudi kwa Simba na Yanga. Mimi sigombani na jibu lake. Nagombana na ile haraka ya kurudi kwa Simba na Yanga.

Kisheria nako mlango umefungwa. Tanzania Bara, Kanuni ya Adhabu inampa anayemsaidia mwenzake kujiua kifungo cha hadi maisha. Afya si jambo la Muungano, na Zanzibar ina Sheria yake ya Adhabu, Na. 6 ya 2018, kwa hivyo atakayetaka kubadilisha chochote itabidi aende Chukwani kwenye Baraza la Wawakilishi, si Dodoma. Simwoni mwakilishi wa kuubeba muswada huo, awe wa chama gani. Hata Kenya, ambako Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alikibatilisha kifungu kinachomwadhibu aliyejaribu kujiua, kwa hoja kwamba kinambagua mgonjwa wa akili na kumvunjia heshima, kosa la kumsaidia mtu kujiua lilibaki pale pale.

Afrika Kusini ndiyo iliyokaribia zaidi katika bara letu. Mwaka 2015 wakili mmoja mgonjwa wa saratani, Robin Stransham-Ford, aliiomba mahakama ya Pretoria iruhusu daktari amsaidie kufa bila ya kushitakiwa. Jaji Hans Fabricius akakubali. Kumbe mwombaji alikuwa amekwisha kufa kwa maradhi yake saa chache kabla ya amri kutolewa, na mwishoni mwa 2016 Mahakama Kuu ya Rufaa ikaitengua hukumu ile. Kati ya waliotetea haki hiyo alikuwemo Askofu Mkuu Desmond Tutu, aliyesema hadharani mwaka 2014 kwamba anaiunga mkono, akarudia mwaka 2016 alipotimiza miaka 85. Askofu mkuu mstaafu wa Canterbury, George Carey, naye aligeuka mwaka huo huo wa 2014. Kwa hivyo anayedhani ubishi huu ni wa watu wa dini upande mmoja na wasio na dini upande wa pili, basi hajaufuatilia.

Miongoni mwa waliotangulia kuufungua mlango ni jimbo la Oregon kule Marekani, ambako sheria ilianza kutumika mwaka 1997, kisha Uholanzi na Ubelgiji mwaka 2002. Canada ilifuata mwaka 2016, na ndiyo inayotolewa mfano na kila mwenye wasiwasi. Mwaka 2023 waliokufa kwa njia hiyo huko walikuwa 15,343, karibu watu watano katika kila mia waliofariki. Mwaka 2021 sheria ilikuwa imeshatanuliwa hadi kuwagusa wagonjwa ambao kifo chao hakijakaribia, na watu wenye ulemavu wakauliza kwa nini wafunguliwe njia ya kufa kabla hawajapewa nyumba na mtu wa kuwatunza. Ukiniuliza mimi, suali lile halijapata jibu la kutosha mpaka leo.

Lakini hata muswada wa London ulikuwa na vipengele viwili ambavyo barazani hatuvifikii, kwa sababu tumeshasema haramu na kuondoka. Kabla mgonjwa hajakubaliwa ombi lake, daktari lazima amweleze ukweli wa maradhi yake na muda anaokadiriwa kubaki nao. Na lazima amweleze tiba iliyopo ya kumpunguzia maumivu. Ukweli na dawa. Tuikatae ile hatua ya tatu, ya dawa ya kujimalizia, na mimi ni katika wanaoikataa. Hizi mbili za mwanzo nani aliyeziharamisha?

Tuanze na dini yenyewe, maana inasingiziwa mengi. Kujiua ni haramu, kumuua mgonjwa kwa huruma ni haramu, na Muislamu amekatazwa hata kuyatamani mauti kwa shida iliyompata. Akizidiwa sana, Mtume (S.A.W.) amemfundisha amuombe Mola amhuishe maadamu uhai una kheri naye, na amchukue ikiwa kheri iko katika kufa. Lakini mafundisho hayo hayo yana upande wa pili, na huo hausikiki mara nyingi kwenye mimbari zetu. Yapo mapokezi ya mwanamke mwenye kifafa aliyemwendea Mtume kumtaka amwombee dua, akapewa hiari: asubiri na malipo yake yawe Pepo, au aombewe apone. Akachagua kusubiri, akaomba tu asiwe anafunuka anapoanguka. Kwa kutegemea mapokezi kama hayo, wanazuoni wengi wakasema kujitibu si wajibu kwa kila mtu na katika kila hali.

Wanazuoni na madaktari wa Kiislamu waliokutana Kuwait mwaka 1981 kuandika maadili ya udaktari waliikataa katakata rai ya kumuua mgonjwa kwa huruma. Papo hapo wakasema daktari halazimiki kuurefusha uhai kwa mitambo pale ambapo hakuna tena matumaini. Mwaka 1986, Amman, Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu likaruhusu mashine ziondolewe kwa mtu ambaye ubongo wake umekufa kabisa na madaktari wamethibitisha hivyo. Wakatoliki wa Shangani nao wana msingi kama huo, kwani mwaka 1957 Papa Pius wa Kumi na Mbili aliwaambia madaktari wa usingizi kwamba dawa ya maumivu inafaa kutolewa hata ikiwa inaweza kuufupisha uhai, mradi nia iwe ni kutuliza.

Baina ya kumuua mgonjwa na kumburura kwa nguvu duniani, basi, pana uwanja mpana, na katika uwanja huo ndimo familia za Unguja zinamohangaika. Daktari keshasema hakuna la kufanya, na kiwanja cha Fuoni kinauzwa ili mzee apelekwe India. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa watu wasije wakasema hawakumhangaikia. Mzee mwenyewe hakuulizwa. Huenda angependa akae barazani kwake, Kikwajuni au Ng'ambo, aone wajukuu wakienda chuoni. Badala yake anafia mbali, jamaa wanahangaika na karatasi za kumrudisha, na kiwanja kimekwenda.

Hakuulizwa kwa sababu hakuambiwa. Majibu yakitoka, daktari humwita mtoto mkubwa pembeni ya korido, naye hurudi kitandani na uso aliokwisha kuutengeneza. Bi mkubwa anaambiwa ni vidonda vya tumbo. Tusimvunje moyo, wanasema, na wanasema kwa mapenzi. Lakini ni nani hasa anayedanganyika? Wageni wanaongezeka, sauti zinashushwa akiingia mtu, Yasin inasomwa chumba cha pili. Mtoto aliyeko Maskati anatua ghafla na wala si sikukuu. Mgonjwa gani asiyeelewa hapo? Anaelewa, ila na yeye ananyamaza ili asiwavunje moyo wao.

Kumficha mtu ukweli namna hii hata kwa kipimo cha dini yetu kuna dosari. Muislamu anahimizwa awe na wasia ulioandikwa, ana thuluthi ya mali yake anayoweza kuielekeza atakako, ana amana za watu, ana madeni. Pana jirani aliyegombana naye miaka na hawajaombana radhi. Mambo haya hayafanywi na mtu anayedhani ana vidonda vya tumbo. Yanakuja kufanywa baadaye na warithi wake, mbele ya kadhi, kila mmoja na shahidi wake. Sisemi daktari amtupie mgonjwa habari usoni na kuondoka, kama wanavyofanya baadhi yao. Mwenye hekima humuuliza kwanza mgonjwa anataka kujua kiasi gani, na nani awepo. Wapo watakaosema waambieni watoto wangu, mimi sitaki. Hao nao wamechagua.

Sasa maumivu. Huko Uingereza wanakobishania kufa ndiko ilikoanzia pia kazi ya kumtuliza anayekufa. Mwaka 1967 Cicely Saunders, aliyeanza kama muuguzi kisha akasomea udaktari, alifungua St Christopher's, hospisi ya kuwatunza wanaokaribia kufa, kusini mwa London. Mgonjwa wake wa saratani alipewa mofini kwa saa zake, si mpaka alie. Saunders alikuwa Mkristo mshika dini na aliipinga mpaka mwisho rai ya kuwaua wagonjwa. Alikuwa na haki ya kuipinga, maana alikuja na dawa mkononi.

Kazi ile ilifika kwetu. Nairobi ilipata hospisi yake mwaka 1990. Mwaka 1993 Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, na huko likafanyika jambo ambalo kila waziri wa afya wa ukanda huu angepaswa kulijua: unga wa mofini unachanganywa na maji, unatiwa rangi, unagaiwa kwa chupa. Ya kijani ndiyo hafifu, nyekundu ina nguvu zaidi, ya buluu imepita zote. Mgonjwa anainywa nyumbani kwake, kijijini, bila ya sindano. Na kwa kuwa madaktari ni wachache, mwaka 2004 Uganda ilibadilisha sheria, ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa, yaani tiba ya kumtuliza mgonjwa asiyepona, waiandike dawa hiyo wenyewe. Tanzania Bara nayo haikulala. Selian ya Arusha na Muheza ya Tanga zilikuwa na huduma za namna hii tangu miaka ya mwanzo ya 2000, na Taasisi ya Saratani Ocean Road ina kitengo chake.

Ocean Road ndiko anakopelekwa mgonjwa wetu wa saratani akihitaji mionzi. Anapanda boti Malindi, anavuka bahari, analala kwa ndugu Kariakoo au Temeke, na siku ya kuambiwa arudi nyumbani ndiyo siku tiba yake hasa inapotakiwa ianze. Anarudi na mfuko wa vidonge. Vikimalizika usiku, Makunduchi au Nungwi, mtu aliye karibu naye ni binti yake, na alichonacho binti ni panadoli, maji ya zamzam na dua. Muda si mrefu utawasikia majirani wakimwombea Mungu amfanyie mepesi, na kila mtu anaelewa wanaomba nini. Wale wa London wanataka daktari atoe dawa. Sisi tunamwachia Mwenyezi Mungu. Lakini maumivu yanayowafikisha watu kwenye ombi hilo ni yale yale, na sehemu kubwa yake ina dawa.

Tume iliyoundwa na jarida la kitabibu la Lancet ilitoa mwaka 2017 hesabu inayotia aibu. Dunia ilikuwa ikigawana karibu tani 300 za mofini na dawa za jamii yake kwa mwaka. Nchi maskini kabisa, zote kwa pamoja, zilikuwa zikipata kilo 100. Na hizi si dawa za kutajirisha mtu, kwani mofini ya maji ni miongoni mwa dawa rahisi kuliko nyingi zilizojaa kwenye rafu za maduka ya Darajani. Kinachoizuia ni woga. Madaktari wanaogopa sheria za dawa za kulevya, familia zinaogopa kuwa mzee atakuwa teja, na wapo wanaodhani mofini ndiyo hiyo hiyo sindano ya kuulia, imeingizwa kwa mlango wa nyuma. Wataalamu wa tiba shufaa wamelijibu hilo siku nyingi: ikitolewa kwa kipimo na kupandishwa kidogo kidogo, haimharakishii mgonjwa kifo. Humpa usingizi aliokuwa ameupoteza.

Woga wa Wazanzibari naufahamu. Kisiwa hiki kimezika vijana wengi kwa sababu ya unga, na mama aliyemwona mwanawe akiiba sufuria za nyumbani ili akavute hawezi kulisikia jina la dawa ya jamii hiyo akatulia. Lakini kisiwa hiki hiki, tangu mwaka 2015, kinawapa vijana hao methadoni, dawa ya kuwasaidia kuacha unga, katika kliniki ya Kidongo Chekundu. Methadoni nayo ni ya jamii ya mofini, nayo ina nguvu, nayo inaibika. Imewekewa kabati lenye kufuli, daftari la kutia saini na muuguzi aliyefunzwa, na mnywaji huinywa mbele yake. Tumeshajua, basi, namna ya kuilinda dawa ya hatari na kumfikishia anayeihitaji. Anayesema mofini ya wagonjwa wa saratani haiwezi kusambazwa hadi vituo vya afya vya mashamba kwa sababu itaibiwa, aende kwanza Kidongo Chekundu asubuhi moja, akae kwenye benchi, atazame foleni inavyokwenda.